Darasa Katika Khabari ya Khuntha na Mukhannath

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiumbe, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Jueni, ndugu Waislamu, ya kwamba katika lugha yetu ya pwani liko neno moja tulilolitwika mizigo minne, nalo ni neno hanithi. Mume asiyeweza kumwendea mkewe huitwa hanithi. Mtu mwenye sauti laini na mwendo wa kike huitwa hanithi. Ashukiwaye kwa kitendo cha kaumu Lut huitwa neno lilo hilo. Na mtoto aliyezaliwa na umbo lisilobainika kuwa ni la kiume au la kike, naye wako wamwitao hivyo, hata kabla hajaweza kulitamka jina lake mwenyewe. Lakini katika vitabu vya fiqhi hawa ni watu wanne mbalimbali, na kila mmoja ana mlango wake na hukumu yake: wa kwanza huitwa innin, wa pili mukhannath, wa tatu luti, na wa nne khuntha. Mwenye kuwachanganya ni kama mwenye duka atiaye mchele na chumvi na mafuta ya taa katika gunia moja. Hatabaki na kitu cha kuuza.

Sikuiandika darasa hii ili watu wapate la kuchekea barazani. Nimeiandika kwa sababu wako wanaokula hasara ya mchanganyiko huu: mtoto afichwaye ndani kama deni, mrithi aambiwaye kwamba hana fungu katika mali ya babake, maiti ambaye watu wasimama mlangoni hawajui ni nani wa kumwosha, na Muislamu avunjiwaye heshima yake kwa mwendo wake tu. Na yote hayo hufanywa kwa jina la dini, na vitabu vya dini vyasema mengine.

Tumwache innin upesi, kwani mas'ala yake ni nyepesi. Mke akishitaki kwa kadhi na jambo likathibiti, mume hupewa muhula wa mwaka mmoja, kama alivyohukumu Sayyidna Umar, ili misimu minne impitie, kwani huenda joto au baridi ndiyo iliyomzuia. Mwaka ukipita na hali ni ile ile, mke hupewa khiyari ya kubaki au kuvunja ndoa. Hayo ni maradhi, wala hayana uhusiano wowote na hao wengine watatu.

Khuntha ndiye nitakayesimama naye sana, kwani yeye ndiye adhulumiwaye zaidi, na dhuluma yake huanza siku ya kuzaliwa. Neno lake latokana na herufi tatu, kha na nun na tha, na maana yake ni ulaini na kupindika. Wanachuoni wetu wa Kishafi wamewagawanya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni aliye na tupu ya kiume na tupu ya kike pamoja. La pili ni asiyekuwa na hii wala hii, ila ana tundu tu litokalo mkojo. Kisha wakasema: zikiwako alama za kumbainisha, huyo ni khuntha wadhih, yaani aliye wazi; na zikikosekana au zikipingana, huyo ni khuntha mushkil. Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Kwa mafakihi, khuntha si jinsi ya tatu. Wao waona kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu huyu ni mwanamume au ni mwanamke, ila sisi hatukujua ni yupi. Basi ishkali iko katika ujuzi wetu, haiko katika uumbaji wake. Na asiyejua ndiye apasaye kungoja.

Mas'ala hii ni ya kale kuliko hijra. Ibn Hisham asimulia katika Sira yake khabari ya Amir bin adh-Dharib al-Adwani, mwamuzi mkubwa wa Waarabu katika zama za Jahiliya, ambaye watu hawakuwa wakipita mbele ya hukumu yake. Siku moja wakamletea mas'ala ya khuntha: je, arithi kwa fungu la kiume au la kike? Akawaambia wamngoje. Akalala usiku kucha akigeuka ubavu huu na ubavu huu, asipate jawabu. Alikuwa na kijakazi mchunga kondoo, jina lake Sukhayla, ambaye kila siku alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa asubuhi kuwatoa na kuchelewa jioni kuwarejesha. Kijakazi alipomwona bwana wake hana usingizi alimwuliza ana nini; kwanza akamfukuza, kisha akamweleza. Yule mchunga akamwambia autazame mkojo, na hukumu ifuate pale utokapo. Amir akafurahi, akamruhusu tangu siku hiyo achelewe apendavyo. Na Sayyidna Ali amepokewa kuhukumu kwa hukumu iyo hiyo baada ya Uislamu. Nami nawaomba wale waonao haya kulizungumza jambo hili wamkumbuke yule mwamuzi, aliyekubali kujifunza kwa mchunga kondoo wake.

Ama alama, katika madhhebu yetu ya kwanza ni mkojo. Ukitoka kwa dhakari peke yake, ni mwanamume. Ukitoka kwa farji peke yake, ni mwanamke. Ukitoka kwa zote mbili, hutazamwa utanguliao. Na ikiwa yaanza pamoja, hutazamwa uchelewao kukatika. Wingi wa mkojo hautazamwi kwa kauli iliyo sahihi kwetu. Wanafunzi wawili wa Imamu Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, wao walitazama wingi, na yasimuliwa kwamba mwalimu wao aliikataa rai hiyo kwa kustaajabu, akiuliza ni kadhi gani aliyepata kuonekana akipima mkojo kwa mizani. Baada ya mkojo huja alama za baleghe, nazo ni manii na hedhi. Ama ndevu na matiti, Imamu Nawawi amesahihisha katika Majmuu kwamba si dalili, na kuhesabu mbavu pia si dalili. Na ajabu ni kwamba hizo ndevu na matiti ndizo zitazamwazo kwanza na watu wa mtaani, wakahukumu kwazo kabla ya adhuhuri.

Zikikosekana alama zote za mwili, na mtu amekwisha baleghe, basi huulizwa yeye mwenyewe. Akisema moyo wake wawaelekea wanawake, huhukumiwa kuwa ni mwanamume. Akisema wawaelekea wanaume, huhukumiwa kuwa ni mwanamke. Na neno lake hukubaliwa bila shahidi, kwani ni jambo lisilojulikana ila kwake. Lakini wamelifungia masharti. Asiulizwe kabla ya baleghe, wala asiulizwe ilhali alama ya mwili iko. Aseme alionalo kweli ndani ya nafsi yake, si alipendalo kwa kutamani fungu kubwa la mirathi. Akishasema, hana ruhusa kurudi, ila yakini ikimkadhibisha, kama aliyesema ni mwanamume kisha akachukua mimba. Na mwenye kulijua la moyo wake akalificha, ana dhambi ya kuchelewesha. Fikirini namna mafakihi walivyomweka mtu huyu: wamemfanya shahidi wa nafsi yake, na kadhi akasikiliza.

Wala wasidhani wasomaji kwamba haya ni mafumbo ya vitabuni yasiyopata kutokea. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 Hijria, ameeleza kwamba siku ya Arafa ya mwaka wa 674 walimjia watu anaowaamini, wakamwambia wana ng'ombe khuntha, hana tupu ya dume wala ya jike, ila tundu karibu na kiwele litokalo mkojo. Je, yafaa kumchinja udhhiya? Akawajibu kwamba yafaa, kwa sababu ng'ombe huyo ama ni dume ama ni jike, na wote wawili wafaa. Watu wale hawakumficha ng'ombe wao, wala Imamu hakuwacheka.

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito zaidi, nalo ni kisu. Khuntha mushkil hutahiriwa? Kauli iliyosahihishwa na Imamu Nawawi ni kwamba hatahiriwi, kwa sababu kujeruhi mwili hakuhalaliki kwa shaka. Tazameni: tohara kwa mwanamume katika madhhebu yetu ni wajibu, na juu ya hivyo wamesema kisu kisimame mpaka ijulikane. Basi ikiwa tohara yenyewe yangoja, yawaje mzazi amchukue mtoto wa siku 40 akataka akatwe hiki abakishwe kile, ili jirani wasiulize? Madaktari wa zama zetu wajua mambo yasiyojulikana kwa jicho: hutazama kromosomu zilizomo katika damu, na tezi zilizofichikana tumboni, na homoni. Nao wamethibitisha kwamba wako wazaliwao wakadhaniwa ni wa kike, wakalelewa hivyo, hata wafikapo baleghe sauti ikavunjika na dhakari ikakua. Mtoto kama huyo aliyekatwa katika uchanga wake, ni nani atakayemrudishia alichoondolewa? Sisemi kwamba daktari asiguse. Yako maradhi yafungayo mkojo au yaumizayo, na hayo hutibiwa mara moja bila kungoja fatwa ya mtu. Nasema juu ya kukata kwa ajili ya haya tu, na haya ni ya mzazi, si ya mtoto.

Katika mirathi watu hukosea sana, kwa hiyo nitapiga mfano. Tuseme mtu amekufa, akaacha mtoto mwanamume mmoja na mtoto mmoja khuntha mushkil, na baada ya madeni na wasia limebaki shamba la minazi 60. Lau khuntha angebainika kuwa ni mwanamume, wangegawana 30 kwa 30. Lau angebainika kuwa ni mwanamke, nduguye angepata 40 na yeye 20. Katika madhhebu yetu kila mmoja hupewa lile la yakini. Khuntha hupewa 20, kwani hizo hazipungui kwa hali yoyote. Nduguye hupewa 30, kwani nazo hazipungui. Na minazi 10 iliyobaki husimamishwa, pamoja na nazi zake, mpaka jambo libainike au wenyewe wasuluhiane. Imamu Abu Hanifa humpa khuntha 20 na nduguye 40. Wamaliki humpa nusu ya fungu la kiume na nusu ya fungu la kike, yaani 25, na nduguye 35. Wahanbali hungoja kama sisi maadamu kubainika kwatarajiwa, na matumaini yakikatika huifuata hesabu ya nusu na nusu. Maimamu wamekhitilafiana katika minazi 10. Hawakukhitilafiana katika 20. Basi anayesema kwamba khuntha hana mahali katika mirathi, na aonyeshe ni imamu gani aliyesema, nami najua hatampata.

Katika sala khuntha hujisitiri kama mwanamke, na safu yake ni nyuma ya watoto wanaume na mbele ya wanawake. Hawasalishi wanaume wala khuntha mwenziwe, lakini yafaa awasalishe wanawake. Mkojo wa mtoto mchanga khuntha huoshwa kama wa mtoto wa kike, wala hautoshi kunyunyizwa maji. Haozwi mpaka abainike. Yote hayo ni ihtiyati, nayo yaonyesha kwamba alikuwa na safu yake msikitini, inayojulikana.

Mukhannath ni mlango mwingine. Huyu mwili wake ni wa kiume bila shaka, lakini maneno yake, na mwendo wake, na ulaini wa viungo vyake wafanana na wa wanawake. Watu wa namna hii walikuwako Madina katika zama za Mtume (S.A.W.), nao walikuwa wakiingia katika nyumba za wanawake, kwa kuhesabiwa kuwa ni katika wale wanaume wafuasi wasio na haja ya wanawake, waliotajwa katika Sura An-Nur aya ya 31. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Umm Salama kwamba mmoja wao alikuwa nyumbani mwake, na Mtume (S.A.W.) akamsikia akimweleza nduguye Bibi Umm Salama, Abdalla bin Abi Umayya, uzuri wa mwili wa binti Ghaylan wa Taif, kwamba Taif ikifunguliwa asimkose. Hapo Mtume akakataza wasiingie tena kwa wanawake. Maulamaa wamelitaja jina lake kuwa ni Hit. Na sababu ya katazo ni wazi kwa mwenye kufikiri: alizuiwa kwa kuwa ameonekana ayajua ya wanawake kama wanaume wayajuavyo na ayapeleka nje, wala hakuzuiwa kwa ulaini wa sauti yake, kwani ulaini huo aliingia nao tangu mwanzo na hakukatazwa. Na Abu Dawud amepokea khabari ya mwingine aliyejitia hina mikononi na miguuni, akahamishiwa mahali paitwapo Naqii, nje ya Madina. Akaulizwa Mtume kama auawe, akakataa, akaeleza kwamba amekatazwa kuwaua wenye kusali. Isnadi ya hadithi hii imesemwa, lakini yafaa kuikumbuka kwa wale wenye mikono myepesi.

Iko pia hadithi sahihi ya Ibn Abbas katika kuwalaani wanaume wajifananishao na wanawake na wanawake wajifananishao na wanaume. Watu huishika hadithi hii wakamtupia kila wamwonaye laini. Lakini msomeni Imamu Nawawi katika sharhi yake ya Sahih Muslim. Amesema kwamba mukhannath ni wawili. Mmoja ameumbwa hivyo, hakujikalifisha; huyo hana lawama, wala dhambi, wala adhabu, kwa kuwa ana udhuru. Wa pili ni mwenye kujitia kwa kusudi, naye ndiye aliyekusudiwa na laana. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyekufa mwaka wa 852 Hijria, ameongeza sharti katika Fathul Bari: huyo wa kwanza atakiwa ajitahidi kuyaacha kidogo kidogo, na lawama humfika akiweza kuyaacha asiyaache, ama asiyeweza, hana lawama. Basi hata kwa aliye mkali zaidi kati ya hao wawili, mlango wa udhuru uko wazi. Na Bukhari amemnakili Az-Zuhri kwamba hakupenda kusali nyuma ya mukhannath ila kwa dharura, na katika neno hilo mna dalili kwamba sala yenyewe ni sahihi.

Yuko mmoja katika watu hawa ambaye Waarabu walimfanya methali. Jina lake ni Tuways, mwimbaji wa Madina na mpigaji wa dufu, aliyekufa karibu na mwaka wa 92 Hijria. Alikuwa akihesabiwa ni mtu wa kisirani, kwa sababu yasimuliwa kwamba alizaliwa siku aliyokufa Mtume, akaachishwa ziwa siku aliyokufa Sayyidna Abubakar, akatahiriwa siku aliyouawa Sayyidna Umar, akaoa siku aliyouawa Sayyidna Uthman, akapata mtoto siku aliyouawa Sayyidna Ali. Habari ya kisirani tuwaachie wenyewe. Mimi nataka mlitazame lile lililomo ndani ya methali: mukhannath huyu mashuhuri alioa, akazaa. Waliokuwa wakiishi naye hawakuuchukua mwendo wake kuwa ni ushahidi wa kitendo.

Lakini ilikuja siku ambayo wenzake walichukuliwa kwa jumla. Abul Faraj al-Isfahani, aliyekufa mwaka wa 356 Hijria, ameisimulia khabari hii katika Kitabul Aghani kwa njia mbalimbali. Khalifa Sulayman bin Abdulmalik, aliyetawala tangu 96 hata 99 Hijria, alikasirishwa na uimbaji kwa ajili ya wivu wa kijakazi wake, akampelekea barua liwali wa Madina, Abubakar bin Hazm. Baadhi ya wasimulizi wasema barua ile ilimwamrisha awahesabu mukhannathuna wa mji, yaani aandike idadi yao. Neno la Kiarabu la kuamrisha kuhesabu ni ahsi, kwa ha isiyokuwa na nukta. Basi ikaanguka nukta ya wino juu ya ha, ikawa kha, na neno likawa akhsi, yaani wahasi. Wakakamatwa, wakahasiwa, na miongoni mwao alikuwamo mwimbaji Ad-Dalal. Wengine wakasema hapana, hakukuwa na kosa la mwandishi, amri ilikuwa ndiyo hiyo, na nukta ile ilionekana wazi, kubwa kama tende.

Sisi wasomeshaji wa chuoni humrudisha mtoto mara 10 kwa nukta moja, na wazazi wengine hutuona wakali. Lakini iwe nukta ilianguka au iliandikwa, hukumu ya sharia haibadiliki: kumhasi mwanadamu ni haramu, na sahaba walipomwomba Mtume (S.A.W.) ruhusa ya kujihasi vitani aliwakataza, kama alivyopokea Ibn Masud. Watu wale wa Madina hawakupelekwa kwa kadhi, hawakusimamishiwa shahidi, hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Walikusanywa kwa jina tu. Hilo ndilo nililolikusudia niliposema kwamba neno lililotwikwa mizigo mingi lina khatari.

Ama luti, yaani mwenye kitendo, sitarefusha. Kitendo hicho ni haramu kwa ijmaa, na kisa cha kaumu Lut chajulikana na kila aliyekaa chuoni. Lakini sharia imekiwekea ushahidi ambao watu wetu wanausahau kila wasikiapo uvumi. Katika madhhebu yetu hutakiwa mashahidi wanne, waadilifu, walioona kitendo chenyewe kwa macho yao; na wakipungua, wao ndio wapigwao. Sayyidna Umar aliwapiga mashahidi watatu katika kesi ya Al-Mughira bin Shuuba, kwa kuwa wa nne hakuukamilisha ushahidi, na mmoja wa hao watatu alikuwa ni sahaba mtukufu. Mwenye kumsingizia Muislamu liwati bila ya ushahidi huo ni mwenye kadhfu, na haddi ya kadhfu ni mapigo 80, na neno lake halikubaliwi tena mpaka atubie. Upelelezi umekatazwa katika Sura Al-Hujurat. Na kuhukumu ni kazi ya kadhi mwenye mamlaka, si ya vijana waliokusanyika usiku na fimbo mkononi mbele ya mlango wa mtu. Hao, hata wakipiga takbiri, wao ndio wenye makosa mawili: la kusingizia na la kudhulumu. Na sauti laini, au kanzu iliyofumwa vizuri, au kukaa na wanawake jikoni, si shahidi hata mmoja katika wale wanne.

Mambo haya yamerudi katika zama zetu, na maulamaa wamelazimika kuvifungua vitabu vyao upya. Mwaka wa 1988 huko Misri, mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar aliyekuwa ameandikwa mwanamume alipasuliwa, akageuzwa mwanamke. Chuo kikakataa, chama cha madaktari kikakataa, magazeti yakajaa. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akatoa fatwa yake tarehe 8 Juni 1988. Alisema kwamba upasuaji wafaa, bali hutakiwa, madaktari waaminifu wanapothibitisha kwamba ndani ya mwili muna uanamume au uanamke uliofunikwa, ili uliofunikwa udhihirishwe. Na haufai kwa matamanio tu ya kubadili. Akaitegemea tafauti ile ile ya mukhannath aliyeumbwa hivyo na mwenye kujitia. Kila upande ukadai kwamba fatwa ni yake, na hiyo ndiyo kawaida ya watu wasomao nusu ya karatasi. Mwaka uliofuata, 1989, Majmaa ya Fiqhi ya Rabita huko Makka iliamua kama hivyo: aliyekamilika kiume au kike, kumbadilisha ni haramu, na aliye na alama za pande mbili hutazamwa zilizozidi, na matibabu ya kumwondolea shaka ni halali. Maneno haya yamekaribiana sana na ya wazee wetu, ila wao walitazama mkojo, na hawa hutazama maabara.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki pia jambo limefika mbele ya serikali. Mjini Nairobi alizaliwa mtoto mwaka wa 2009, na mahali pa kuandika mume au mke katika karatasi zake za hospitali ikaandikwa alama ya kuuliza. Mama yake akaenda mahakamani, na mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ikaitaka serikali iweke kanuni za watoto wa namna hii. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 Kenya iliwaandika khuntha kwa mara ya kwanza, wakatokea 1,524. Nami nadhani waliofichwa ndani siku ile ya kuhesabiwa ni wengi kuliko hao. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 ikawataja kwa jina lao na kuwapa haki ya kutunzwa kwa heshima. Waislamu wengine waliposikia wakasema haya ni mambo ya kuletewa kutoka nje. Mwenye kusema hivyo hakupata kuufikia mlango wa khuntha katika kitabu chake. Na ikiwa ana kitabu, na akifungue.

Imebaki mas'ala ya maiti, ambayo huulizwa kwa haraka na kwa sauti ya chini, mtu akiwa amekwisha lazwa kitandani. Khuntha mushkil mkubwa akifa, huoshwa na maharimu wake, wanaume au wanawake. Asipokuwa na maharimu, kauli iliyo sahihi kwetu ni kwamba wanaume wafaa kumwosha na wanawake wafaa kumwosha, kwa ajili ya dharura, na maji yamiminwe juu ya nguo, na macho yainamishwe. Hukafiniwa kwa nguo tano kama mwanamke. Husaliwa kama Waislamu wote wanavyosaliwa, na imamu husimama mbele ya jeneza mahali asimamapo kwa mwanamke, usawa wa nyonga. Katika dua, ikiwa msomaji ana shaka atumie dhamiri gani, aseme kwa dhamiri ya kiume akikusudia maiti, au ya kike akikusudia janaza. Yote mawili yafaa katika Kiarabu, wala sala haicheleweshwi kwa hilo.

Wallahu aalam.